Bosi wa Mtandao Anapimwa kwa Siri Anazotunza, Siyo kwa Range Anayopigia Picha

Wadau, leo sina ubuyu. Hakuna nani kaachana na nani, hakuna nani kanunuliwa gari na nani. Leo nataka tuwaseme maboss. Wale wanaojiandika CEO kwenye bio zao, wenye kurasa za wafuasi malaki, online TV, app ya udaku, saa kubwa mkononi na miwani ya jua ndani ya nyumba. Simtaji mtu. Na nyie kwenye komenti msianze kubashiri "huyu si fulani wa Sinza", maana ukimtaja mmoja utakuwa umewaficha wengine ishirini wanaofanya yale yale.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mwenye haraka ya kutukana aanze. Wengi wa hawa siyo maboss wa mtandao, ni madalali wa siri za watu. Na sisi vijana wa Temeke, kuanzia Tandika mpaka Mbagala, kuanzia Yombo mpaka Kijichi, tunawapigia makofi halafu tunawapelekea hizo siri wenyewe kwa bando letu.

Najua mtasema nina wivu. Sawa, andikeni. Ila someni mpaka chini kwanza.

TUANZE NA ADMINI

Kila ukurasa mkubwa unaouona una kijana nyuma yake ambaye humjui. Mara nyingi anatoka huku kwetu. Ana simu iliyopasuka kioo, anajua kukata video, anajua saa ngapi watu wanaingia Instagram na saa ngapi wanahamia TikTok, anajua kichwa cha habari gani kitavuta macho. Anaamka alfajiri Mbagala Rangi Tatu kugombania gari, anafika ofisini kwa bosi saa mbili, anarudi usiku. Ukimuuliza mkataba uko wapi, anacheka. Mshahara? "Bosi ananitoa nauli na bando." Siku bosi akiwa vizuri, anamrushia elfu ishirini kwenye simu na ujumbe wa "tunajenga, mdogo wangu".

Wanajenga nini? Ukurasa ni wa bosi. Namba ya simu iliyofungulia akaunti ni ya bosi. Tangazo likija, hela inaingia kwa bosi. Kijana akiugua wiki mbili, anarudi anakuta nywila imebadilishwa na kuna kijana mwingine amekalia kiti chake, naye anaambiwa "tunajenga". Mwaka mzima wa kazi na hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kupita pale.

Wazee wetu wa muziki huku Temeke wanaujua mchezo huu vizuri. Miaka ile TMK Wanaume inatikisa nchi, nyimbo zilisambaa kila kijiwe. Zilichomwa kwenye CD, zikaja kuingizwa kwenye memori kadi vibandani, shilingi mia kadhaa unajaziwa simu nzima. Aliyeimba alibaki na jina, mwenye kibanda akabaki na hela. Leo kibanda kimehamia mtandaoni na mwenye kibanda anajiita CEO. Kilichobadilika ni kiyoyozi tu.

HALAFU TUJE KWENYE DM

Hilo la admini linauma, lakini kuna linalouma zaidi.

Dada mmoja wa pande za Mtoni kwa Azizi Ally alikuwa anafanya kazi saluni. Mwenye saluni alikuwa na mume ambaye mikono yake haitulii kwa wafanyakazi. Dada akachoka, akaandika kila kitu, akautumia ukurasa mmoja wa udaku ambao juu kabisa umeandikwa "tutumie stori yako, tunaficha jina". Aliamini. Siku mbili baadaye mume wa mwenye saluni alikuwa na skrinshoti ya ujumbe wote, jina lake la akaunti likionekana wazi na picha yake juu. Stori haikutoka kamwe. Kilichotoka ni dada, alitolewa kazini asubuhi ile ile. Jinsi skrinshoti ilivyosafiri kutoka kwa ukurasa mpaka kwa yule baba, mtu mzima anaelewa. Mtu alipigiwa simu, mtu alitaja bei, mtu alilipa.

Hii ndiyo biashara halisi ya baadhi ya hawa maboss. Matangazo ya vipodozi na maji ya kupunguza tumbo ni hela ya kuonyesha watu. Hela yenyewe iko kwenye stori ambazo hamjawahi kuziona. Anakusanya ubuyu kutoka kwako, anampelekea mhusika, anamwambia "nina hii, tufanyeje?" Mhusika akilipa, stori inakufa na wewe unachomwa. Asipolipa, stori inaruka, watu wanakomenti, bosi anapata kiki. Kwenye pande zote mbili yeye anakula. Wewe uliyeleta, unaliwa.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo tunamwita "inspiration" kwa lipi?

BOSI NINAYEMJUA MIMI

Nitawataja jina moja leo, kwa sababu huyu yuko kwenye kumbukumbu za mahakama na kila mtu anamjua: Maxence Melo.

Wengine hapa mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mnacheza kombolela wakati jamaa na mwenzake Mike Mushi wanaanzisha JamboForums. Mwaka ulikuwa 2006. Dar es Salaam wakati huo intaneti ilikuwa ya setilaiti, polepole kama foleni ya Kilwa Road. Mkongo wa SEACOM ulikuja kuwashwa hapa Julai 2009. Watu walikwenda intaneti kafe, wanalipia kwa dakika, wanasubiri ukurasa ufunguke huku saa inahesabu. Hakukuwa na Instagram, hakukuwa na WhatsApp. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2005, Issa Michuzi alikuwa ameanza blogu yake ya picha akiwa Helsinki, akipigwa jeki na Ndesanjo Macha, ambaye tayari alikuwa anablogu kwa Kiswahili. Ndiyo kwanza mtandao wa Kibongo ulikuwa unajifunza kutambaa.

Mwaka 2008 JamboForums ikageuka JamiiForums. Mwaka huo huo, Februari, wakati nchi inatokota kwa sakata la Richmond, Melo na Mushi walikamatwa na kompyuta zikachukuliwa. Jiulize, bosi wako wa udaku angefanya nini pale? Mimi nadhani angefungua duka la nguo. Hawa walitoka, wakaendelea.

Sasa tuangalie bidhaa yenyewe, maana tunazungumzia kazi ya mtu, hatufanyi maombi. JF ilikuwa inauza nini? Haikuwa na kamera nzuri. Haikuwa na mtangazaji mrembo. Haikuwa na mwanamuziki aliyesainiwa. Ilikuwa na kitu kimoja: mtu wa kawaida aliweza kuingia kwa jina la bandia, akaandika anachokijua kuhusu ofisi yake, mtaa wake, bosi wake, na kesho yake akaenda kazini kama kawaida. Karani, dereva, nesi, askari, mwanafunzi. Wote wakiwa na majina ya ajabu ajabu na picha za katuni. Lakini nyuma ya kila jina la bandia kuna barua pepe iliyotumika kujisajili na alama ya kifaa kilichoingia. Ukivipata hivyo, umempata mtu. Na mwenye funguo za kabati hilo alikuwa Melo.

Kwa hiyo thamani yote ya ile kampuni ilikuwa ndani ya kabati moja. Na siku ilipofika, wakaja kuligonga.

KABATI LILIPOGONGWA

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kifungu cha 32 kinampa polisi nguvu ya kumwamuru mtu mwenye taarifa za kompyuta azitoe. Kifungu cha 22 kinamgeuzia kibao anayezuia uchunguzi. Polisi wakawa wanaitaka JF itoe taarifa za baadhi ya wachangiaji, wakiwemo walioandika tuhuma dhidi ya kampuni za kibiashara. Melo hakutoa. Badala yake wakaenda mahakamani kupinga vifungu vya sheria hiyo kwamba vinavunja Katiba. Machi 2017 Mahakama Kuu ikayatupa maombi yao.

Kabla ya hukumu hiyo alikuwa ameshaonja. Tarehe 13 Desemba 2016 alikamatwa. Akakaa ndani siku kadhaa, akafikishwa Kisutu, akasomewa mashtaka ya kuzuia uchunguzi, na moja la kuendesha tovuti isiyotumia kikoa cha .tz. Akapata dhamana tarehe 19. Kuanzia hapo ni miaka ya kuamka, kuvaa shati, kwenda Kisutu, kuambiwa kesi imeahirishwa, kurudi.

Aprili 2020 hukumu ya moja ya kesi zile ikatoka. Mushi akaachiwa. Melo akatiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi: kifungo cha mwaka 1 au faini ya shilingi milioni 3. Faini ikalipwa.

Hapo katikati, 2018, zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu, mwenye online TV, mwenye jukwaa, wote walitakiwa wasajiliwe na walipe zaidi ya milioni 2 kwa mwanzo. Blogu ngapi za watoto wa huku zilizimika mwezi ule? JF yenyewe ilizima kwa muda Juni mwaka huo, ikarudi. Mwaka 2019 Melo akapewa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari na CPJ, kamati ya kulinda waandishi yenye makao New York. Na Septemba 2025 TCRA ikasitisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90, kwa hoja kwamba ilichapisha maudhui ya kupotosha na ya kumdhalilisha Rais.

Sasa pigeni hesabu. Kuna siku jamaa angeweza kutoa orodha ya majina, akaenda zake nyumbani akala pilau. Asingeenda Kisutu. Pengine angepigiwa simu za pongezi. Hakuna mchangiaji ambaye angejua nani kamchoma, maana majina ni ya bandia na hawajuani. Na wale watu ambao hakuwataja, wengi wao hajawahi kukutana nao.

Linganisha na yule aliyeuza skrinshoti ya dada wa saluni. Yule hakugongewa na polisi. Hakutishwa na mtu. Alitajiwa bei tu.

NAJUA MTAKAYOSEMA

Wa kwanza atakuja na hii: "Alikuwa anawaficha waongo na wachafuzi wa majina ya watu." Hoja nzito na siikimbii. JF kuna uongo. Kuna mtu anaamka asubuhi ana hasira na shemeji yake, anafungua uzi, mchana jina la mtu limeharibika. Aliyechafuliwa ana haki ya kumfikia aliyemchafua. Ila kuna njia mbili. Ya kwanza unakwenda kwa hakimu, unaonyesha umeumizwa vipi, hakimu anapima, anatoa amri kwa jina moja kwa sababu moja. Ya pili polisi anaandika barua na anataka aletewe. Ukishazoesha njia ya pili, leo atatafutwa mchafuzi, kesho atatafutwa nesi aliyesema dawa zimeibiwa. Wote wawili wamo kwenye kabati moja, na anayekuja na barua ndiye anayechagua nani amtoe. Ndiyo maana mtu mwenye funguo lazima awe mbishi. Akiwa laini, nesi ataacha kuandika, mchafuzi atahamia kwingine, na dawa zitaendelea kuibiwa.

Wa pili atasema: "Ushujaa haulipi kodi ya nyumba. Bosi wangu ana Range, huyo wako ana kesi." Haya, tuongee hela, maana naona ndiyo lugha inayoeleweka. Nitajie kurasa kumi za udaku zilizokuwa moto 2012. Ngapi zipo leo? Nyingine zimeuzwa kwa muuza mitumba, nyingine zimefungwa, nyingine zinaposti kubashiri mechi. JF imefungwa, imefunguliwa, imeshtakiwa, imekula siku 90, na bado ukitafuta kwenye Google swali lolote la Kibongo, kuanzia bei ya kiwanja Chanika mpaka dawa ya mba, unakutana na uzi wake. Karibu miaka 20. Michuzi naye yupo tangu 2005. Millard Ayo alitoka kwenye Amplifaya ya Clouds FM akajenga jina lake mtandaoni, na leo kikitokea kitu watu wanakwenda kuangalia kwake kama ni kweli. Hao watatu hawafanani hata kidogo. Mmoja jukwaa la mijadala, mmoja picha, mmoja habari za haraka. Kinachowaunganisha ni kwamba mtu akirudi kwao kesho anakuta kile kile alichokiamini jana. Hiyo ni mali. Range ni gari, na wakati mwingine ya kukodi, mnajua wenyewe.

Wa tatu, na huyu ndiye mpole kabisa, atasema: "Sisi ni burudani bana, hayo ya siasa waachie wenyewe." Mdogo wangu, sheria haisomi kategoria yako. Aprili 2018 waliohojiwa na polisi kwa video za Instagram walikuwa Diamond na Nandy, na waziri akalitaja bungeni. Januari 2021 iliyofungiwa miezi 6 ilikuwa Wasafi TV, kwa sababu ya shoo ya msanii jukwaani. Kanuni za 2018 hazikuuliza kama unaandika bajeti au unaandika nani kavaa nini. Na siku simu ya bosi wako wa burudani itakapochukuliwa mezani, ndani yake kuna DM zako, sauti zako, picha ulizotuma ukiwa na hasira saa saba usiku. Polisi hatatenganisha ubuyu na siasa. Wala mke wa mtu hatatenganisha.

Na wa nne, kwa haki, atasema nampamba Melo kupita kiasi. Hapana. Wangapi hapa mmelalamika uzi wenu umeunganishwa, umehamishwa, umefutwa na moderata bila maelezo? Wangapi mmepigwa ban kwa maneno ambayo mwingine anayatumia kila siku? Malalamiko hayo ni halali, na bosi anayeendesha jukwaa kubwa hivyo anatakiwa kuyajibu. Tena kuna usiri uliogeuka kichaka cha kutukania wanawake, na hilo halitetewi na kesi ya Kisutu. Ila mimi leo napima jambo moja: alipobanwa kati ya ngozi yake na jina la mtu asiyemjua, alichagua nini. Kwenye hilo rekodi ipo, na maboss wetu wengine rekodi yao haipo au ipo upande wa pili.

KWA NINI NAWAAMBIA NYIE WA HUKU

Kwa sababu huku ndiko malighafi inakotoka. Mastaa wanaishi Mbezi na Masaki, lakini anayejua staa kala nini na kamtukana nani ni dereva wake wa Keko, dada wa kazi wa Mbagala Kuu, fundi nguo wa Tandika, mlinzi wa Vituka. Nyie ndio mnaoleta stori. Nyie ndio mnaoposti, mnaosambaza, mnaoandika komenti elfu mbili ambazo bosi anamwonyesha mtu wa matangazo na kusema "hawa ni watu wangu". Mnachukuliwa kuwa wengi wakati wa kuuza tangazo, halafu mnachukuliwa kuwa mmoja mmoja wakati wa kuchomwa.

Mkichomwa, mna pa kwenda? Kidogo, papo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili, azitumie kwa kazi aliyosema anazikusanyia, na asimgawie mtu mwingine kiholela. Jina lako, namba yako, picha yako, ujumbe wako ukiwa na jina juu, hizo ni taarifa binafsi. Dada wa saluni hakuwa analijua hilo. Yeye alidhani ameonewa na dunia tu. Mlalamikaji anaweza kupeleka shauri lake Tume, na akienda na skrinshoti na tarehe ataonekana ana kitu mkononi.

Sheria peke yake haitakuvusha lakini. Bosi anabadilika pale anapoona watu wake wanauliza. Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu stori, au kabla hujaenda kumfanyia kazi, muulize mambo haya, tena kwa maandishi:

Moja, DM zangu anasoma nani? Ni wewe, au ni kijana unayemlipa bando ambaye kesho utamfukuza akaondoka nazo?

Mbili, ukishapata stori, mhusika anatafutwa ili ajibu, au anatafutwa ili alipe? Kumtafuta mtu ajibu ni kazi ya habari na ni haki yake. Kumtafuta alipe ili stori ife kuna jina lake, na jina hilo halimo kwenye bio yako.

Tatu, nikikufanyia kazi, mkataba uko wapi? Jina langu litakaa kwenye video nilizopiga? Nikiondoka, naondoka na nini?

Nne, siku ukiulizwa mimi ni nani, utasemaje?

Akikasirika, umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi. Akisema "kwani wewe nani wa kuniuliza", mjibu wewe ni yule wa kwenye "hawa ni watu wangu". Akikujibu vizuri, mpe nafasi, na maboss wa hivyo wapo, siwezi kuwafunika wote kwa shuka moja. Kuna wenye kurasa ndogo tu, wafuasi elfu kumi, ambao stori ikiwa na jina la mtoto au la mtu aliyebakwa wanafuta jina kabla hata ya kusoma mara ya pili. Hao hawajiiti CEO. Hao ndio ningependa mdogo wangu akajifunze kwao.

Na nyie chawa wa maboss ambao mmeshaanza kupiga skrinshoti ya maandishi haya mpeleke, pelekeni. Jina la bosi wenu halimo humu. Akiumia, ni kwa sababu amejiona mwenyewe.

Kwa wengine, komenti ziko wazi. Waliowahi kufanya kazi ya uadmini bila mkataba, waliowahi kutuma stori ikageuka kuwa silaha dhidi yao, andikeni ilivyokuwa. Msitaje ukurasa, msitaje mtu, na wala msitumie akaunti yenye sura yako. Mkiona komenti imeingia na jina la mtu, nitalitoa kabla ya kulala. Mniulize tu kesho kama nililitoa.